Nani Atazika Mikweche ya Meru na Embu?

Msafiri anayetoka Embu kwenda Meru kwa barabara kuu ipitayo Runyenjes, Chuka na Nkubu hutunukiwa mandhari ambayo wageni hulipa nauli ya ndege ili waje waione. Kushoto kwake ni Mlima Kenya, mawingu yakiuruhusu uonekane. Kulia kwake ni mabonde yanayoteremka taratibu kuelekea nyika za Mbeere na Tharaka. Michai, mikahawa na migomba humsindikiza njia nzima, na kila baada ya mwendo mfupi huvuka mto wenye maji baridi.

Msafiri huyo huyo, akiwa mwangalifu, ataona pia jambo ambalo halimo katika vitabu vya utalii. Ataona lori lisilo na magurudumu limeegemea ukingo wa barabara kama ng'ombe mgonjwa. Ataona Peugeot isiyo na vioo nyuma ya gereji, na mpapai umechipuka mahali palipokuwa injini. Ataona matatu ya zamani iliyogeuzwa kiota cha kuku. Na akipita karibu na kituo cha polisi, ataona pikipiki zimerundikwa ukutani kama kuni za msimu wa baridi.

Swali ninalotaka kuuliza leo si kwa nini magari hufa, maana kila chombo kina siku zake. Swali langu ni kwa nini gari likishakufa katika miji yetu halizikwi, na ni nani hasa ambaye sheria imemkabidhi jembe.

Huenda akatokea msomaji wa kunilaumu kwamba nimekosa la kuandika. Wakulima wa miraa wamekuwa wakihangaika na soko tangu Uingereza ilipoifunga milango yake mwaka wa 2014, mkulima wa kahawa naye ana kilio chake, nami nimeketi kuandika juu ya vyuma kuukuu! Naipokea lawama hiyo. Hata hivyo namwomba msomaji huyo afikirie mtoto wa miaka minne au mitano. Mtoto hahitaji uwanja akishapata usukani. Ataingia katika gari bovu, atavuta mlango nyuma yake, naye hajui kwamba vitasa vya magari kama hayo mara nyingi havifunguki kwa ndani, wala kwamba gari lililofungwa juani hupata joto la kuua kwa muda mfupi sana. Mwalimu wa shule ya msingi atakuambia ni mara ngapi amemfunga mwanafunzi kidonda kilichokatwa na bati lenye kutu, akamwelekeza hospitali kwa sindano ya pepopunda.

Isitoshe, kuna mambo yasiyoonekana kwa macho. Tairi lililotupwa hushika maji ya mvua, na mbu aina ya Aedes, ambaye hueneza homa ya dengi na homa ya manjano, hutaga mayai yake katika maji kama hayo. Betri ina madini ya risasi, na madini hayo huharibu ubongo wa mtoto hata yakiwa kidogo. Oili chafu huzama udongoni hadi masika yafike, kisha hushuka mtoni. Embu ina Rupingazi na Kapingazi, Meru ina Kathita, na mito hiyo yote hatimaye huingia Tana. Kinachomwagika nyuma ya gereji hakibaki nyuma ya gereji.

Sasa tuitazame sheria. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi serikali za kaunti barabara za kaunti, trafiki na maegesho, uzoaji wa taka na majaa yake, pamoja na udhibiti wa kero za umma. Mtu akiyasoma maneno hayo akiwa darasani, atadhani kwamba mjadala umekwisha: gari bovu ni kazi ya kaunti. Lakini akitoka nje ya darasa ataona kwamba barabara hiyo ya Embu na Meru ni barabara kuu ya taifa, na iko chini ya Mamlaka ya Barabara Kuu, KeNHA. Barabara nyingine ziko chini ya mamlaka ya miji au ile ya mashambani, zote zikiwa zimeundwa na sheria ya mwaka 2007. Hivyo mkweche mmoja unaweza kuwa na magurudumu ya mbele katika ardhi ya soko la kaunti, na ya nyuma katika hifadhi ya barabara ya taifa. Polisi nao wana Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inayohusu magari yanayozuia njia. Afisa wa afya ana Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, ambayo inamwezesha kumpa mtu notisi ya kuondoa kero na kumfikisha mahakamani akikaidi. Halafu kuna NEMA na sheria za mazingira. Wenye jembe ni wengi, na kila mmoja anamtazama mwenzake aanze kuchimba.

Zamani, enzi za mabaraza ya manispaa ya Meru na Embu, walau mwananchi alijua aende mlango gani akanung'unike. Sheria ya Serikali za Mitaa, Sura ya 265, ambayo mabaraza hayo yalitungia sheria zake ndogo ndogo, ilifikia kikomo ugatuzi ulipoanza mwaka wa 2013. Miji sasa inasimamiwa na bodi za manispaa chini ya Sheria ya Miji na Majiji ya mwaka 2011, huku utungaji wa sheria ukiwa mikononi mwa mabunge ya kaunti. Sisemi kwamba mabaraza yale yalikuwa hodari. Wengi wetu tunayakumbuka kwa majaa yasiyozolewa. Nasema tu kwamba mlango ulikuwa mmoja.

Hata hivyo, wingi wa ofisi si kiini cha tatizo. Kiini ni mwenye gari. Kila afisa anayeusogelea mkweche humwogopa mtu asiyeonekana, yaani yule ambaye jina lake limo katika kitabu cha gari. Kifungu cha 40 cha Katiba kinalinda mali ya kila mtu, na mkweche ni mali hata kama ni mali inayooza. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwetu mambo yamepinduka: daftari lipo, na mali ilikwisha kupotea zamani, lakini hakuna anayethubutu kulifuta jina daftarini.

Hapa sina budi kukiri jambo. Mimi mwenyewe ni mmoja wa watelekezaji hawa. Mwaka wa 1996 nilinunua Peugeot 504 iliyokwisha kupita mikono kadhaa, ikanihudumia kwa uaminifu kuliko nilivyostahili. Mwaka wa 2009 injini yake iligonga nikiwa njiani kwenda Embu. Nikaivutisha hadi kwa fundi mmoja, mtu mpole mwenye gereji ya mabati. Akaifungua, akanusa, akanitajia gharama. Gharama ilizidi thamani ya gari zima. Nikamwambia, "Nipe muda fundi, nitarudi mwisho wa mwezi." Mwisho wa mwezi huo haukufika. Miaka ilivyozidi kupita, nikaanza kupita mtaa wa pili kila nilipokuwa Embu ili nisikutane naye.

Nalisimulia hili kwa sababu limenifunza jambo ambalo halimo katika hotuba za viongozi wanapotisha kuwachukulia hatua wanaotupa magari ovyo. Hakuna anayetupa gari. Watu huahirisha. Mtu husema atapata fedha baada ya mavuno, baada ya karo ya Januari, baada ya mkopo wa chama cha ushirika. Anaahirisha hadi siku ambayo kulirudia gari huwa ni aibu kubwa kuliko kulisahau. Sheria inayomwinda mhalifu haitampata, kwa sababu katika hadithi hii mhalifu hayumo. Inahitajika sheria inayoweka tarehe, ili kuahirisha kuwe na mwisho.

Na fundi je? Wengi wanapoona mikweche gerejini humlaumu fundi kwa uchafu. Hawajui kwamba yeye ndiye mfungwa wa kwanza. Nafasi anayoipa gari lililokufa hailipiwi, ilhali kodi ya kiwanja hailali. Sheria haikumsahau kabisa. Ipo Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa Zisizochukuliwa, Sura ya 38, inayomruhusu aliyekabidhiwa kitu atengeneze akiuze ikiwa mwenyewe hakurudi kukichukua. Ukilisoma Gazeti Rasmi la Serikali utazikuta notisi zake: mwenye gari nambari fulani anapewa siku 30 aje alipe na alichukue, la sivyo dalali atalinadi. Lakini angalia notisi hizo hutolewa na nani. Aghalabu ni kampuni, gereji kubwa za miji mikubwa na wenye yadi za kuhifadhi magari. Fundi wa jua kali wa Maua au Siakago atoe wapi fedha za tangazo gazetini, ada ya dalali, na nauli ya kufuatilia, ili auze bati ambalo bei yake kwa kilo haitarudisha gharama hizo? Sheria ipo, ila bei yake inamshinda anayeihitaji.

Akiamua kulikatakata gari kimya kimya, anaingia katika hatari nyingine. Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 inamtaka mfanyabiashara awe na leseni, na aandike amenunua nini na kwa nani. Ni sheria yenye sababu. Msomaji atakumbuka Januari 2022, wakati nguzo za laini ya umeme inayotoka Kiambere kwenda Embakasi zilipoanguka na sehemu kubwa ya nchi ikaingia gizani. Wezi wa vyuma walilaumiwa, na Rais Uhuru Kenyatta akaipiga marufuku biashara hiyo yote kwa miezi kadhaa. Kiambere ni kwetu, kule Mbeere, katika mpaka wa Embu na Kitui. Umeme unazalishwa mlangoni mwetu, nguzo zinaanguka Nairobi, na fundi wa Runyenjes anakosa mahali pa kupeleka bodi ya gari bovu. Marufuku ikaondolewa mwaka huo huo na kanuni zikakazwa. Tangu hapo mnunuzi mwenye leseni huuliza kitabu cha gari kwanza. Fundi hana kitabu. Na kila fundi amesikia kisa cha mwenye gari aliyepotea miaka kumi, akajitokeza siku mbili baada ya gari kukatwa, akiwa ameandamana na askari.

Nije sasa kwenye vituo vya polisi. Magari yaliyoko huko yana sababu mbalimbali. Yapo yaliyopata ajali, na barabara yetu haiishiwi na ajali: pale daraja la Nithi, katika kaunti jirani ya Tharaka Nithi, basi liliporomoka Julai 2022 na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Yapo yaliyokamatwa na makaa au bangi, yakawa vielelezo vya kesi. Kesi inaahirishwa, shahidi anahamishwa, na kielelezo kinaota nyasi. Lakini lililo kubwa zaidi siku hizi ni pikipiki.

Mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii, baada ya serikali kupunguza kodi za pikipiki ndogo, boda boda zilijaa vijijini mwetu kwa kasi ambayo hakuna aliyeitazamia. Wengi wa wanaoziendesha ni vijana tuliowafundisha. Huchukua pikipiki kwa mkopo, hukamatwa kwa kukosa bima au leseni, kisha hupigwa faini. Siku zinavyopita deni la mkopo hukua, na bei ya pikipiki iliyoanikwa mvuani hushuka. Inafika siku ambayo hesabu haikubali tena, na kijana huiacha pale pale. Kwa lugha ya sheria, ameitelekeza mali yake. Kwa kweli alishindwa kuikomboa. Polisi hutoa notisi katika Gazeti Rasmi mara kwa mara na kuzinadi zilizobaki, lakini ni kijana gani wa Mikinduri au Kiritiri anayelisoma Gazeti Rasmi la Serikali?

Kutokana na hayo naona kosa moja ambalo kaunti zetu zisithubutu kulifanya, nalo ni kudhani kwamba ada kubwa za kuvuta na kuhifadhi magari ndizo dawa. Ada inayokua kila siku haiondoi mkweche, huuzalisha. Gari la shilingi 60,000 likidaiwa 70,000 za yadi, mwenyewe hatakuja kamwe, na kaunti itakuwa imehamisha uchafu kutoka mtaani hadi uani kwake. Mapato yaliyoandikwa katika makadirio ya bajeti yatabaki ni ya makaratasi tu.

Serikali nayo haina usafi wa kumnyooshea mwananchi kidole. Embu ilikuwa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki hadi mfumo wa mikoa ulipoondolewa, na mji wenye ofisi nyingi huwa na magari mengi ya serikali, ambayo hufa kama mengine. Ugatuzi ulipoingia, Sheria ya Mpito ya mwaka 2012 ilizuia kuhamishwa kwa mali za mabaraza ya zamani kabla hazijahesabiwa. Lengo lilikuwa jema, maana kulikuwa na watu waliokwisha kuvua viatu tayari kuziruka nyua usiku. Lakini kazi ya kuhesabu ilitoka kwa Mamlaka ya Mpito ikaenda kwa kamati ya uhusiano wa serikali mbili, na trekta la taka lililokufa mwaka wa 2012 haliwezi kungoja kamati. Lilioza likiwa halina baba wala mama.

Walimu wenzangu nao wasijitoe. Ni shule ngapi zina basi au lori kuukuu nyuma ya bweni, limesimama juu ya mawe, vijana wakilitumia kama mahali pa kujificha wasiende maandalio ya jioni? Mwalimu mkuu anaogopa kuliuza, akidhani ataitwa mwizi. Ukweli ni kwamba Sheria ya Ununuzi na Uuzaji wa Mali ya Umma ya mwaka 2015 inazihusu shule za umma pia, na imeonyesha njia. Kamati ya uuzaji hulikagua gari na kupendekeza, kisha linauzwa kwa mnada au kwa zabuni, au hata linaharibiwa kama taka. Njia hiyo ina makaratasi mengi, nakubali. Lakini hakuna mwalimu mkuu aliyeshtakiwa kwa kuifuata, ilhali mtoto akiangukiwa na chuma cha shule, hakimu atauliza kwa nini hakuifuata.

Tusisahau kwamba magari haya yana kwao. Mengi kati ya yale tunayoyaita mapya yametumika Japani, na kiwango cha KS 1515 cha shirika la ubora, KEBS, kinayaruhusu kuingia nchini mradi yasizidi umri wa miaka 8. Kule Japani ipo sheria iliyoanza kutumika Januari 2005, ambayo humfanya mnunuzi wa gari alipe mapema ada ya kulivunja litakapofika mwisho wake: gesi ya kiyoyozi, mifuko ya hewa ya usalama, na mabaki ya kusagwa. Kwa maneno mengine, gari linazaliwa likiwa na fedha za mazishi yake. Lakini likisafirishwa nje, aliyelisafirisha ana haki ya kurudishiwa ada hiyo. Mwili unapanda meli kuja Mombasa, na fedha za mazishi zinabaki Japani.

Siwalaumu Wajapani, maana sheria yao ni ya nchi yao. Nchi za Umoja wa Ulaya nazo, kwa agizo la mwaka 2000, humpa mwenye gari hati ya kuangamizwa kwake pale anapolipeleka kwa mvunjaji aliyeidhinishwa, na kwa hati hiyo gari hufutwa katika daftari. Nawalaumu waliotutungia kanuni za kuingiza magari kwa uangalifu mkubwa wa umri wake, bila kuuliza yatakwenda wapi baada ya hapo. Sheria ya Udhibiti Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 imeanza kuuliza, kwa kumtaka anayezalisha au kuingiza bidhaa awajibike hadi mwisho wa maisha ya bidhaa hiyo. Sehemu ndogo ya kodi inayotozwa gari bandarini ikitengwa kwa mazishi, na ikaja hadi Meru na Embu, nusu ya shida niliyoieleza itakuwa imepata mlipaji.

Wakati tunaingoja Nairobi, mabunge ya kaunti zetu mbili yana uwezo wa kutunga kanuni yenye akili. Kwanza, itofautishe mkweche na akiba ya fundi. Gari linalofunguliwa spea kila wiki ni duka, si taka, na askari wa kaunti asilisogelee. Lisilosogea, lisilo na injini wala bima, na ambalo hakuna anayelidai, ndilo libandikwe karatasi yenye tarehe kiooni, kama kioo kipo. Fundi, chifu au mwalimu mkuu awe na haki ya kulipeleka jina lake kwa ofisi moja tu ya manispaa, bila malipo. Ofisi hiyo ikusanye nambari zote za miezi mitatu na kuzichapisha kwa pamoja katika notisi moja, gharama igawanywe, na orodha ibandikwe katika ofisi za wadi na kusomwa katika redio zinazotangaza Kimeru na Kiembu, ambazo kijana wa boda boda huzisikiliza. Siku zikiisha, gari liuzwe kwa mwenye leseni ya vyuma chakavu. Mwenye gereji apewe hati ya kumkinga na kesi, na kitakachobaki baada ya gharama kiwekewe mwenye gari kwa muda maalumu. Aliye na pingamizi awe na mahali pa kulipeleka kabla ya mashine kuanza kukata. Halafu, na hili ndilo husahaulika, nambari ipelekwe kwa mamlaka ya usajili, NTSA, ili gari life pia katika daftari.

Nina hofu na jambo moja. Askari wa kaunti akishapewa karatasi za kubandika, ataona mkweche hata pale palipo na gari zima la mtu aliyelala hospitalini. Kwa hiyo karatasi hiyo isiwe na njia ya kulipwa taslimu mtaani. Asiwe na cha kupokea, na hatakuwa na cha kutafuta.

Kabla ya kuketi kuandika makala haya niliona haya kuhubiri nikiwa na deni. Nikaenda Embu, nikapita mtaa ule niliokuwa nikiukwepa. Fundi amezeeka, mvi zimemjaa, lakini alinitambua kabla sijashuka barabarani. Akanisalimu kwa heshima ambayo sikuistahili, kisha akauliza, "Mwalimu, umekuja kulichukua au kuliaga?"

Nikamwambia nimekuja kumwachia. Peugeot ilikuwa pale pale, imezama udongoni hadi kwenye mihimili, na kuku wake walikuwa wametagia katika kiti cha nyuma. Akamwita mnunuzi wa vyuma, kijana mwenye leseni na daftari lake kwapani. Kijana akakagua, akataja bei, akaniomba kitabu cha gari. Nikampa kwa fahari, maana nilikuwa nimekihifadhi miaka yote.

Akakisoma, akanitazama. "Mzee, hili si jina lako."

Lilikuwa jina la mtu aliyeniuzia. Sheria ya Trafiki inataka gari lisitumiwe zaidi ya siku 14 baada ya kuuzwa kabla mnunuzi hajajiandikisha. Mimi sikujiandikisha kwa siku 14, wala kwa miaka yote niliyoliendesha. Nilikuwa na fomu aliyoitia sahihi, nikaona inatosha, kama walivyoona maelfu ya Wakenya wengine. Mwenyewe alikwisha kufariki. Kijana akafunga daftari lake taratibu, akaniambia hayuko tayari kulala korokoroni kwa ajili ya Peugeot ya marehemu. Fundi akacheka hadi akafuta machozi, akawarushia kuku mahindi.

Nimeambiwa mmoja wa wana wa marehemu anaishi karibu na Runyenjes. Jumamosi ijayo nitapanda matatu nikamtafute, nikimwombea fundi yule aniwie radhi kwa wiki moja zaidi.